Kukata kona kwenye moramu: kwa madereva wapya wa rali huku Iringa na Mufindi

Wadogo zangu mnaoanza rali huniuliza nimefunga springi gani na matairi gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza mguu wangu wa breki unafanya nini ninapoingia kona, nami naona hapo ndipo mnapopotezea muda, na magari pia.

Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na gari la lita 1.6 lisilo na tabo (turbo), kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi. Kwenye kona moja ya kulia katikati ya mashamba ya chai Mufindi, mvua ikiwa imenyesha alfajiri, nilichelewa kushika breki. Nikakata usukani mguu ukiwa bado umekandamiza breki hadi mwisho. Magurudumu ya mbele yaligeukia kulia, lakini gari likanyooka mpaka ndani ya chai. Msoma ramani wangu, anayekaa kando yangu na kunisomea kona zinazokuja kutoka kwenye daftari, alikuwa ameisoma kona ile kwa wakati. Kosa lilikuwa langu.

Tairi lina mshiko wake, na mshiko huo unagawanywa kwa kazi tatu: kupunguza mwendo, kugeuza na kusukuma. Mimi niliumaliza wote kwenye breki, wa kugeuzia haukubaki. Kwa hiyo piga breki nzito gari likiwa limenyooka. Ukianza kukata usukani, anza pia kulegeza mguu, taratibu, kimoja kikiongezeka kingine kikipungua. Usiuachie ghafla. Ile breki kidogo inayobaki inalemeza pua ya gari, matairi ya mbele yanauma udongo, na mkia unakuwa mwepesi kiasi cha kukusaidia kugeuka. Ukiizidisha breki hiyo, mkia utakupita. Kipimo chake hakisomeki mahali, kinakaa mguuni, na ni mazoezi tu yatakayokipeleka huko.

Mwendo nao unadanganya. Kona uliyoikata salama kwa kilomita 50 kwa saa, ukiiingia kwa 60 unaona umeongeza kidogo. Lakini nguvu inayotakiwa kukushikilia barabarani imepanda kwa asilimia 44, kwa sababu inakua kwa mraba wa mwendo. Moramu haina akiba hiyo.

Halafu kuna jambo la huku kwetu juu. Mafinga iko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu yake. Mwendo ulioupoteza kwenye kona hutaurudisha haraka, hasa kama mbele kuna mpando. Ndiyo maana nawasihi mjali kutoka kuliko kuingia. Kaa upande wa nje kwa muda mrefu kuliko moyo unavyotaka, geuka ukiwa umechelewa kidogo, uguse ukingo wa ndani baada ya katikati ya kona. Ukifanya hivyo gari linanyooka mapema nawe unakanyaga mafuta mapema. Anayeukimbilia ukingo wa ndani mwanzoni hutupwa nje mwishoni, kule kokoto zinakorundikana, na anaachia mafuta wakati mwenzake anakanyaga.

Breki ya mguu wa kushoto, wa kulia ukibaki kwenye mafuta, iacheni kwanza. Ni kweli Erik Carlsson wa Sweden aliitumia kwenye Saab 96 na akashinda rali ya RAC ya Uingereza mara tatu mfululizo, 1960 hadi 1962. Gari lake lilivutwa na magurudumu ya mbele na injini yake ndogo ilihitaji kubaki kwenye mzunguko wa juu, ndiyo maana mbinu ile ilimfaa. Mguu wako wa kushoto umezoea klachi, utaipiga breki kama nyundo.

Mazoezi yafanyeni kwenye barabara iliyofungwa kwa ruhusa. Barabara kuu ya mlima Kitonga si mahali pake kabisa. Pale kuna malori yenye mzigo na mabasi yenye watu.

Na kabla ya kuendesha, itembeeni kona kwa miguu. Chuchumaa, paruza kokoto kwa kiatu uone chini kuna ugumu au utelezi, angalia kama malori ya mbao yameacha makorongo upande wa kutokea. Kisha simama pale unapotaka kuanza kulegeza breki, utafute kitu kisichohama, mti au jiwe kubwa, mwambie msoma ramani wako akiandike kwenye daftari.