Silatur-rahim ukiwa peke yako

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Tangu tugombane kwenye mirathi ya marehemu baba, kaka yangu hapokei simu yangu wala hajibu salamu. Nimekwenda kwake mara mbili, sikufunguliwa mlango. Mume wangu ananiambia silatur-rahim ni ya watu wawili, mmoja akikataa basi imekwisha na mimi sina dhima. Ni kweli? Na mawifi zangu nao wamo katika neno hilo?

JIBU: Waalaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, mumeo hakupatia, ingawa naelewa alikotoka. Sisi tukizungumzia udugu hupenda kutia ile “-ana”: tunatembeleana, tunasaidiana, tunazikana. Mambo hayo hayatimii bila ya wawili. Lakini sikiliza wazee wetu walivyolitia neno “silatur-rahim” katika Kiswahili. Walisema “kuunga udugu”, hawakusema “kuungana”. Nao walipatia barabara, kwani “sila” ni kuunga, na mwenye kuunga, “waasil”, anaweza kuwa mtu mmoja tu.

Mtume (S.A.W.) amelieleza hili waziwazi katika hadithi ya Abdullah bin Amr aliyoipokea Bukhari: muungaji si yule anayelipa, bali muungaji ni yule ambaye udugu wake ukikatwa, yeye huuunga. Kwa huyo anayelipa alitumia neno “mukaafi'”, lililo katika wizani, yaani umbo la neno, ambayo Waarabu aghalabu huitumia kwa jambo la pande mbili, kama “-ana” yetu. Ukitembelewa ukatembelea, ukipewa ukatoa, umefanya jema. Ila jina la muungaji Mtume ameliweka juu zaidi ya hapo.

Bwana mmoja alimshitakia Mtume hali kama yako: nawaunga nao wananikata, nawatendea wema nao wananitendea ubaya. Akajibiwa, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kwamba ikiwa kweli yuko hivyo, basi ni kana kwamba anawalisha jivu la moto, na hatakosa msaidizi kutoka kwa Allah maadamu yuko katika hali hiyo. Hakuambiwa aache.

Na mtazame Abubakar (R.A.). Mistah, jamaa yake fakiri aliyekuwa akimlisha, aliingia katika uzushi dhidi ya Bibi Aisha. Abubakar akaapa kutompa tena kitu. Ikateremka aya ya 22 ya Surat An-Nur: je, nyinyi hampendi Allah akusameheni? Akasema, naam, wallahi napenda, akamrudishia matumizi yake. Aya haikumwambia angoje mpaka Mistah aje kumpigia magoti. Mimi kila nikiisoma naona uzito wake, maana aliyezuliwa alikuwa binti yake wa kumzaa.

Ama mawifi: “rahim” asili yake ni mfuko wa uzazi, kwa hiyo neno hili ni la damu. Wanachuoni wamekhitilafiana mpaka wake. Wako waliosema ni maharimu tu, yaani jamaa ambao haijuzu kuoana nao, na wako waliosema ni jamaa wote wa nasaba, na hii ndiyo kauli ninayoiona ina nguvu. Wifi yuko katika “sihri”, yaani ukwe, ambao Qur'ani imeutaja kando ya nasaba (Al-Furqan, aya ya 54). Wana haki yao ya wema, nao ni shangazi wa wanao. Kwa watoto wako wao ni rahim hasa.

Sasa, kuhusu kaka yako. Hulazimiki kusimama mlangoni pake kila wiki. Mpelekee salamu, hata kwa ujumbe. Akiugua mzuru, akifiwa uwe wa mwanzo kufika, na umuombee dua. Usimseme mitaani. Na kudai fungu lako kwa kadhi si kukata udugu, kwa sharti udai kwa adabu. Surat An-Nisaa iliyogawa mafungu hayo katika aya ya 11 na 12 ndiyo hiyo hiyo iliyofunguliwa, aya ya 1, kwa kututaka tumche Allah na tuchunge jamaa zetu. Mwenye kudai na anayedaiwa wote wamesomewa aya hiyo kabla ya kufika kwenye mafungu.

Wallahu a'lam.