Afundishwe kufunga kwanza

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mtoto aruhusiwe kuwasha gesi akiwa na umri gani? Jibu langu la kwanza lilikuwa fupi: asiiguse mpaka amalize gredi ya tisa. Lakini swali lenu limenigusa penye kidonda, na kuna jambo limeachwa nje. Nani anamfundisha mtoto kuifunga?

Sisi wa Nakuru tunazijua ploti za Kaptembwo. Vyumba vimetazamana, bomba la maji liko uani, na chumba kimoja ndicho jiko, ndicho sebule, ndicho pa kulala. Baridi ya Julai ikishika, watu huziba hata upenyo wa chini ya mlango. Jioni moja jirani yetu alitoka kwenda Top Market, akawafungia watoto wake wawili kwa kufuli ya nje. Simlaumu. Wazazi wengi hapa hufanya hivyo, kwa sababu lango halifungwi na wapita njia hawaishi. Binti mkubwa alikuwa na miaka 10.

Harufu ya mayai yaliyooza ilitufikia uani. Gesi yenyewe hainuki. Hutiwa kemikali makusudi ili pua ikuonye. Tukagonga dirisha. Binti akasema ameisikia kitambo, na mdogo wake aliyelala kwenye godoro sakafuni analia kichwa.

"Umefunga gesi?"

"Mama alisema nisiiguse."

Jibu hilo silisahau. Alikuwa ametii neno kwa neno.

Kijana mmoja akaja mbio na nyundo avunje kufuli. Mama mmoja mzee wa ploti ile, aliyepikia shule ya bweni miaka mingi, akamshika mkono: chuma kwa chuma hutoa cheche, na gesi ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya chumba, cheche moja yatosha. Mwingine akapaza sauti mtoto awashe taa aone vizuri. "Usiguse swichi, mjukuu wangu!" akasema yule mama, akasogea dirishani na kumwongoza polepole kana kwamba wana siku nzima. Fungua dirisha lote. Sasa nenda kwenye mtungi. Pale juu mpira unapoanzia kuna regulata. Zungusha mpaka igome. Ikagoma. Mlete mdogo wako hapa, mpandishe kwenye kiti, wote wawili muweke nyuso dirishani, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni na chini ya kitanda. Binti alifanya kila kitu bila kukosea. Mikono ilimtetemeka, lakini alifanya.

Mama yao alirudi na ufunguo, mlango ukaachwa wazi mpaka harufu ikaisha. Kisha mpira ukapakwa povu la sabuni, na mapovu yakachomoza nyuma ya jiko, pale ulipokunjwa na kupasuka.

Tangu mlipuko wa gesi wa Embakasi, Nairobi, wa Februari 2024, mazungumzo ya gesi huishia kwa wanaojaza mitungi kiharamu. Wasakwe, naam. Lakini mpira uliopasuka uko nyumbani kwetu, na huo hauna askari. Kuupaka povu kila mtungi unapobadilishwa ni kazi ya dakika chache, na sioni udhuru wa kuiacha.

Nikirudi kwenye swali lenu, ile gredi ya tisa naiondoa. Mtoto anayeachwa nyumbani na mtungi afundishwe, hata akiwa gredi ya nne, kuitambua harufu, kufunga regulata, kufungua mlango na dirisha, kutogusa swichi wala kiberiti, na kutoka nje. Afanyishwe kwa mikono yake, kwani kuambiwa tu hakutoshi. Na hapa ndipo ninapokwama, kwa maana atatokaje nje akiwa amefungiwa? Nadhani ufunguo wa pili ukae kwa jirani unayemwamini, ingawa najua si kila ploti ina jirani wa namna hiyo. Mzazi naye afunge regulata kabla ya kutoka, hata kama anaenda dukani tu.

Kuhusu kuwasha, sijalegea sana. Gredi ya saba, labda, mtu mzima akiwa jikoni naye, na iwe ni chai au uji. Sufuria ya mafuta ya kukaangia bado simwachii.