Walimficha nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Krismasi tulibishana na baba mkwe mpaka chakula kikapoa. Anasema Waingereza walituletea reli na shule, na kwamba mabaya yao tusiyatazame kwa macho ya leo, maana zama zile ndivyo dunia ilivyokuwa. Nilikosa jibu. Je, ana haki?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba. Kubishana na baba mkwe mezani! Una moyo.

Reli ilianzia Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, karibu 2,500 wakafa. Anayetaka kushukuru aanze na hao.

Utamu uko kwenye zama zile. Haya, tutumie mizani yao wenyewe. Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola hapa Kenya, walikozuiliwa watuhumiwa wa Mau Mau, wapiganaji wa ardhi na uhuru, mahabusu 11 walipigwa na askari wa kambi mpaka wakafa, kisa walikataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ikadai walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Aliyefanya jambo la kawaida kwa zama zake hasingizii maji.

Julai mwaka huohuo, Enoch Powell, mbunge wa chama tawala (na si mtu aliyekuja kusifika kwa kuwapenda weusi), alisimama bungeni London akawaambia wenzake hawawezi kuwa na kipimo kimoja cha Afrika na kingine cha kwao. Naye alikuwa wa zama zile. Hata babu yangu alikuwa wa zama zile: alivaa kipande, kitambulisho alicholazimishwa na wakoloni, shingoni ndani ya kijikebe cha chuma, akakiita kengele ya mbuzi mpaka anazikwa.

Uhuru ulipokaribia, majalada ya serikali ya kikoloni mengine yalichomwa, mengine yakasafirishwa Uingereza kimyakimya. Serikali yao ilikiri kuwa nayo 2011 tu, wazee wa Mau Mau walipokuwa wameishtaki. Miaka miwili baadaye ikakubali kutoa pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwemo, kwa wadai 5,228. Kwa hiyo muulize mzee, kwa adabu: kama ilikuwa sawa, walikuwa wakimficha nani?

Akirudi kwenye shule, mtajie Githunguri. Wananchi walichanga wakajijengea chuo cha walimu. Serikali ya kikoloni ikakifunga hali ya hatari ilipotangazwa, kisha ikanyongea watu palepale.

Ila safari hii ngojeni mle kwanza.