Kabla ya kupima upepo, ulizeni ardhi ni ya nani

Vijana wenye kampuni changa za umeme wa jua na upepo huja kwangu na ramani ya Marsabit au Kajiado kwenye kompyuta, na swali lao la kwanza huwa bei ya kuuza umeme. Mimi huwarudishia lingine: ardhi hiyo ni ya nani? Wengi hujibu, "Ya kaunti, tumeshaongea nao." Hapo inabidi tuanze upya.

Someni Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya 2016 wenyewe, msimwachie wakili. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, kaunti inaishikilia kwa niaba ya wenyewe tu; haiwezi kuiuza. Na mkataba wa mwekezaji hauna nguvu mpaka ukubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, kwenye mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Chifu hatoshi. Mheshimiwa hatoshi. Wazee watano mliokula nao nyama choma ndio kabisa.

Kuwakusanya watu hao wote si mchezo, hasa wakati wa kiangazi ambapo morani wako mbali na mifugo. Basi subirini mvua, mifugo irudi karibu na nyumbani. Mwenye pesa atanung'unika kwa miezi michache. Lakini mtu aliyeamuliwa mambo yake akiwa malishoni atarudi na kesi, na kesi ya ardhi Kenya mnajua inavyokwenda.

Tazameni Loiyangalani, kule Marsabit. Mradi wa Lake Turkana Wind Power una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, na umeme wake ulianza kuingia kwenye gridi 2018. Ekari zake 150,000 zilipatikana miaka mingi kabla ya sheria hii. Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua kwamba hatimiliki hizo hazikutolewa kwa utaratibu unaofaa. Mitambo inazunguka, mkopo unalipwa, na hati ya ardhi ndiyo iliyoingia mashakani! Nisingependa kuwa mtu wa kumweleza mkopeshaji habari hiyo.

Kajiado ni mambo mengine. Sehemu kubwa ya ranchi za vikundi ilishagawanywa, kwa hiyo mnakodisha kwa familia moja moja, kama ilivyofanyika kwenye mradi wa upepo wa Kipeto. Ni rahisi zaidi kwenye karatasi. Ila mzee asiweke saini mkewe akiwa jikoni. Ridhaa yake mnaihitaji kisheria, na yeye ndiye atakayeishi na kelele za mtambo. Kodi nayo isiwe ya kiasi kimoja kwa miaka yote. Iambatanisheni na mauzo ya umeme.

Sasa niseme kuhusu karatasi ya mahudhurio, maana huu ndio ujanja ninaouchukia kuliko wote. Watu huweka alama ya kidole ili wapate posho na soda, kisha karatasi hiyo hiyo inabandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba jamii imekubali. Katika baraza moja mama mmoja aliinua kidole chake chenye wino akauliza, "Mwanangu, hiki ni cha soda au ni cha ardhi?" Watu walicheka, lakini yule afisa hakuwa na jibu. Tenganisheni karatasi hizo mbili, na ile ya ridhaa isomwe yote, kwa lugha ya pale, kabla wino haujafunguliwa.

Jiandaeni pia kwa hili: "Taa zetu zitawaka lini?" Msiahidi. Laini ya kilovolti 400 inapita juu ya boma bila kuweza kuwasha hata balbu moja, kwa sababu kuushusha umeme huo kunahitaji kituo kizima cha transfoma, na gharama yake haimithiliki. Kama kweli mnataka boma zipate mwanga, tengeni bajeti ya gridi ndogo ya sola tangu mwanzo, muiandike kwenye mkataba.

Andikeni humo humo nani atang'oa minara mradi ukiisha, na pesa zake zitakaa kwenye akaunti gani. Sheria inataka ardhi irudishwe katika hali yake, na wazee hulikumbuka swali hilo kuliko mnavyodhani.