Je, starehe ya halali yaweza kuwa kosa kwa mwenye familia?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni baba wa watoto watatu, na nyumbani sijawahi kupunguza chakula, mavazi wala ada ya shule. Nikitoka kazini hukaa na marafiki hadi usiku, na siku za mapumziko pia. Hatunywi pombe wala hatuchezi kamari. Mke wangu ananilaumu kwamba nimeitelekeza nyumba. Je, nina kosa, ilhali fedha ni jasho langu na starehe yenyewe ni halali?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dini haikatazi kujiburudisha. Katika Suratul Aaraf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu anawakemea wanaoharamisha mapambo na vitu vizuri alivyowatolea waja Wake. Kwa hiyo suala si kukaa na marafiki, bali ni haki ya nani inayopotea wakati umekaa nao.

Imam Bukhari amepokea kwamba Salman al-Farisi, sahaba wa Mtume, alimzuru sahaba mwenzake Abu Dardaa akamkuta mkewe hakujipamba, na alipomuuliza, akajibu kuwa Abu Dardaa hana haja na dunia, kwani alikuwa akifunga mchana na kusali usiku. Salman akamwambia Abu Dardaa kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake, na Mtume (s.a.w.) alipoelezwa akasema, "Salman amesema kweli." Zingatia, ndugu yangu, kwamba kilichomshughulisha Abu Dardaa kilikuwa ibada. Ikiwa saumu na sala za sunna hazikumpa udhuru wa kumsahau mke, mazungumzo ya barazani yatakupaje wewe udhuru huo?

Nafsi yako nayo imetajwa humo, hivyo pumziko ni haki yako. Ama kutoa matumizi, huo ni wajibu mmoja, na haukuondolei dhima ya malezi uliyobebeshwa katika Suratut Tahrim, aya ya 6. Ni nani anayemsikiliza mtoto akisoma Qur'ani, ikiwa unarudi wamekwisha lala na asubuhi mnapishana mlangoni wakikimbilia shule? Tena Mtume mwenyewe alishindana mbio na Bi Aisha, kama alivyopokea Abu Daud, kwa hiyo hata furaha ina mahali pake ndani ya ndoa.

Kwa hali uliyoieleza, unakosea, na mkeo ana haki ya kulalamika, usimwone mkorofi. Sikuamrishi uwakate marafiki. Kaeni mkubaliane ni jioni zipi za nyumbani, na jioni hizo simu nayo iwekwe kando, maana mtu huweza kuwa sebuleni na wanawe huku moyo wake ungali barazani.

Wallahu aalam.