Dunia 5 na hisa za sigara

Mdau wa Urambo kauliza: mfuko wa uwekezaji wa nje wenye dunia 5 za Morningstar (kampuni inayopima mifuko na kuipa alama ya dunia 1 hadi 5), ina maana hauna hisa za kampuni za sigara? Na vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya hapa Tanzania, je?

Mfuko unaweza kuwa nazo kabisa. Alama hiyo, iliyoanza 2016, haipimi wema. Inapima hatari: mambo ya mazingira, jamii na uongozi yanaweza kuitia kampuni hasara kiasi gani. Miombo inayoishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku huko Kaliua inahesabika kwa kadiri inavyotishia faida ya kampuni, basi.

Halafu mfuko hushindanishwa na wa kundi lake. Kundi likiwa na mifuko 200, 20 ya juu hupata dunia 5, 45 hupata 4, 70 hupata 3, 45 hupata 2, na 20 ya mkiani 1. Darasa likiwa dhaifu, wa kwanza bado atakuwepo.

Wengi huteleza kwenye namba iliyo nyuma ya dunia hizo: ndogo ndiyo nzuri. 18 ni hatari ndogo, 32 ni kubwa. Tena ni wastani wa miezi 12, kwa hiyo meneja aliyenunua sigara juzi bado anang'aa. Na mfuko usio na dunia si lazima uwe mbaya. Huenda mali zake zilizopimwa hazifiki asilimia 67.

Unachotaka kimo kwenye waraka wa matarajio wa mfuko (prospectus), sehemu ya kampuni zisizoruhusiwa. Soma kiwango. "Hatuwekezi kwenye sigara" mara nyingi huwahusu watengenezaji, huku wauzaji wakiachiwa hadi asilimia fulani ya mapato. Kisha fungua orodha nzima ya hisa. Zile 10 za juu hazitoshi.

Kwa UTT, achana na dunia. Mifuko yake ya Ukwasi na Hatifungani imeegemea dhamana za serikali na amana za benki, hivyo sigara si hoja kubwa. Mfuko wa Umoja ni wa kukagua, maana hununua hisa za DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam), na TCC, watengeneza sigara, wameorodheshwa pale. Angalia mgawanyo wa hisa kwenye taarifa ya mwaka.

Ukitaka fedha ijulikane inakokwenda, hatifungani ya kijani (ya kukopa fedha kwa miradi ya mazingira) iko wazi zaidi: ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ya 2024, miaka 10, ni ya miundombinu ya maji. Ila ukitaka kutoka mapema, lazima dalali akutafutie mnunuzi, na bei ni ya siku hiyo.