Logo ya mteja mmoja, wabunifu wawili: msigawane vipande

Umeuliza kama wewe na mwenzako, mkipewa kazi ya logo kwa pamoja, mmoja achore alama na mwingine ashughulikie herufi. Nimefanya kazi hizi kwa ubia kwa miaka mingi, na kwangu jibu ni hapana. Itazame ile ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, aliyoibuni mbunifu Lindon Leader mwaka 1994. Mshale mweupe ulio kati ya E na x haukuchorwa pembeni ukaja kubandikwa. Ulipatikana kwa kurekebisha maumbo ya herufi zenyewe mpaka nafasi iliyobaki katikati ikawa mshale. Herufi zingekuwa kwa mtu huyu na alama kwa yule, nani angeuona?

Gawaneni hatua. Kikao cha kwanza na mteja nendeni wote wawili, maana asiyemsikia mteja kwa masikio yake huishia kuchora anachodhania. Ulizeni logo itakaa wapi: kwenye mhuri, fulana, kona ya skrini ya simu? Ulizeni pia nani upande wao ana kauli ya mwisho. Hili mimi silifanyii mchezo. Tuliwahi kuidhinishiwa kila hatua na meneja, kisha mwenye kampuni, ambaye hakuwahi kukaa nasi, akaitazama mara moja tu na kuikataa. Tukaanza upya.

Majibu yaandikeni kwenye ukurasa mmoja, mteja aukubali, ndipo mwachane kwa muda. Kila mtu achore peke yake, kwa penseli, bila rangi, bila kuonyeshana. Mkianza pamoja, wazo la mwenye maneno mengi ndilo litakaloshinda, hata kama si bora. Mkikutana tandazeni michoro yote na kuipima kwa ule ukurasa. "Naipenda" siyo hoja. Mara nyingi kwetu kinachosimama ni wazo la mmoja ndani ya umbo la mwingine, na hiyo ndiyo raha yote ya kufanya kazi wawili.

Kuanzia hapo faili kuu libaki kwa mtu mmoja. Mwenzake awe mkaguzi asiye na huruma: aipunguze logo hadi pikseli 16 kwa 16, aigeuze nyeupe juu ya nyeusi, aitazame kichwa chini, atafute logo nyingine zinazofanana nayo. Chora kwa vekta tangu mwanzo, yaani kwa mistari inayokuzwa bila kuharibika badala ya vitone, la sivyo siku mteja akitaka bango kubwa itatoka na ukungu na kingo zenye meno. Na kijani kinachong'aa kwenye skrini, ambako rangi hutokana na mwanga (RGB), hufifia kikichapwa kwa wino nne za uchapaji (CMYK), kwa hiyo mteja akione kwenye karatasi kabla hajakikubali.

Kuhusu idadi ya mapendekezo watu hubishana sana. Mbunifu Paul Rand, alipomtengenezea Steve Jobs logo ya kampuni yake ya kompyuta, NeXT, mwaka 1986 kwa dola 100,000, alipeleka moja tu. Sisi hupeleka mbili, na kamwe hatupeleki ambayo hatungependa ichaguliwe, kwa sababu mteja anaweza kuichagua hiyohiyo. Anayezungumza na mteja baada ya hapo ni mmoja. Mteja akigundua anaweza kumwomba mmoja kitu ambacho mwingine amekikataa, ushirika wenu umekwisha.

Fedha ziandikwe kabla ya penseli kugusa karatasi: asilimia ya kila mmoja, malipo ya awali, idadi ya marekebisho yaliyomo kwenye bei, na nani ananunua leseni ya fonti, yaani ruhusa ya kutumia aina ya herufi mliyoichagua. Faili za vekta mteja azipate akishamaliza malipo. Mkataba utaje pia kwamba nyote wawili mna ruhusa ya kuionyesha kazi hiyo kwa wateja wengine kwa majina yenu.